Uzi Usiwe Mkali Kuliko Leso: Kuchagua Uzi na Sindano za Kushonea Mfarishi kwa Mkono



Mama na dada zetu wapenzi, juma hili tunawatoa pwani yetu na kuwapeleka mbali kidogo, hadi ufuoni mwa Ziwa Viktoria, katika kaunti za Homa Bay na Migori. Huko nako wako ndugu zetu Waislamu wa tangu zamani. Mji mdogo wa Kendu Bay, ulio katika Kaunti ya Homa Bay, unajulikana kwa msikiti wake wa kale na kwa jamaa za Kiluo ambazo zimekuwa katika Uislamu kwa vizazi kadhaa. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa huko. Nilikwenda na masanduku yangu mawili na ujuzi wa kushona niliofunzwa na mama, nikidhani kwamba katika jambo dogo kama uzi na sindano sina tena la kujifunza. Nililojifunza lilinigharimu leso za mavyaa wangu. Nalisimulia ili wengine wasiligharimie.

Leso za marehemu

Mavyaa alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, warithi waliketi wakaridhiana juu ya vitu vyake. Leso saba tulikabidhiwa mimi na wifi yangu, tuzitumie tunavyoona inafaa. Zilikuwa zimechakaa, hazifai tena kutokea nje, lakini hapakuwa na aliyethubutu kuzifanya matambara ya kupangusia. Kila moja ilikuwa na jina lake, na wajukuu walizijua kwa majina hayo kama wanavyowajua watu. Walijua ipi aliivaa siku ya sikukuu, ipi aliwabebea mgongoni, na ipi ilitandikwa mmoja wao alipokuwa mgonjwa.

Tukaafikiana tushone mfarishi. Juu tutie vipande vya leso, chini shuka kuukuu, na katikati blanketi jembamba lililokwisha kulika pembeni. Watoto wajifunike nguo za nyanya yao.

Anayeujua mfarishi anajua kwamba uhai wake ni bandi, yaani ile mishono midogo midogo inayopita tabaka zote tatu na kuzishikanisha. Bandi zikiachia, tabaka la kati hujikusanya upande mmoja likawa donge, na mfarishi haufai tena kitu. Kwa hiyo mawazo yetu yote yalikuwa kwenye nguvu. Tulitaka uzi usiokatika.

Kendu Bay ni mji wa ziwani, na katika nyumba nyingi hukosi uzi wa nailoni wa kutengenezea nyavu. Jirani yetu, mama wa makamo, alituletea kidonge kizima. Akaniambia, "Nyar Mombasa, huu haukatiki kwa meno wala kwa samaki." Nyar Mombasa maana yake binti wa Mombasa, kwani Waluo humwita mke kwa kutaja alikotoka. Alitupa kwa moyo safi, nasi tukampokea kwa shukrani. Uzi ule ulikataa kupita kwenye sindano zetu za kawaida, basi tukachukua shazia, sindano kubwa ya magunia, tukashona kwa siku kumi na mbili. Tulipomaliza, tuliuvuta mfarishi kila upande, mimi huku na wifi kule. Haukutoa hata sauti.

Ulidumu miezi minane. Siku moja tuliufua kwa sabuni ya mche, tukausuguasugua kama ilivyo desturi, tukauanika uani. Ulipokauka nilikwenda kuukunja, nikaona mwanga wa jua ukipita kwenye mistari iliyonyooka. Uzi ulikuwa mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Leso ndizo zilizokatika, tena zimekatika kandokando ya bandi kama karatasi iliyotobolewa ili ichanwe. Kipande kilichobeba jina la leso aliyoipenda zaidi kilikuwa kimegawanyika mara tatu. Binti yangu mkubwa alijaribu kuziunganisha herufi kwa vidole vyake. Neno moja halikupatikana.

Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Ikiwa kamba hulikata jiwe, nailoni itaifanya nini pamba ya miaka ishirini?

Kanuni moja ya kushika

Siku zile nilimpigia simu mama mmoja wa Lamu, mshonaji wa kofia za vito, nikamweleza yaliyotupata. Hakunihurumia sana. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kati ya uzi na leso, kipi ulitaka kibaki?"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Katika mfarishi, uzi ni mtumishi wa kitambaa. Kila tunapojifunika, kila tunapokunja, na zaidi tunapofua, kitambaa na uzi huvutana na kusuguana. Lazima kimoja kiridhie. Uzi ukiwa laini kama kitambaa, au dhaifu kidogo kuliko kitambaa, utakatika wenyewe mahali pamoja, nawe utachukua sindano urudishie bandi nne au tano kwa muda wa dakika chache. Uzi ukiwa mgumu kuliko kitambaa, kitambaa ndicho kitakachokatika. Uzi huuzwa kila duka. Leso ya marehemu huna pa kuinunua.

Wanawake wa Bengali, katika Bangladesh na India ya mashariki, walilijua jambo hili tangu zamani. Wana mfarishi wao uitwao kantha, unaotengenezwa kwa sari kuukuu zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Kwa desturi yao ya kale, hata uzi wa kushonea waliuchomoa katika pindo za sari hizohizo. Nguo ilishonwa kwa nyuzi za nguo yenyewe, na uzi wa namna hiyo haukuweza kuwa mkali kuliko kitambaa.

Kuujua uzi

Leso na kanga zetu nyingi ni za pamba, hivyo uzi unaozifaa ni wa pamba tupu. Shida ni kwamba katika masoko ya Homa Bay na Migori, kama ilivyo mahali pengi nchini, uzi uliojaa madukani ni wa polista, kwa kuwa ndio mafundi cherehani wanaoshonea sare za shule. Si uzi mbaya. Kwa sare mpya, mikoba na mapazia hufanya kazi nzuri. Ila kwa leso iliyochakaa ni mkali kupita kiasi, na kwa macho tu si rahisi kuutofautisha na wa pamba. Yapo majaribio manne ambayo mtu anaweza kuyafanya.

La kwanza ni la moto. Kata kipande kifupi cha uzi, ukishike kwa koleo juu ya sahani, mbali na watoto na mbali na nguo, kisha ukiguse kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalopukutika ukiligusa. Polista na nailoni huyeyuka, hujikunja, na mwisho wake hubaki donge gumu kama ushanga. Mchanganyiko wa pamba na polista huwaka na pia huacha donge. Jaribio hilihili lifanyieni leso yenyewe kwa nyuzi mbili tatu za pindoni, maana siku hizi zipo leso zenye polista ndani yake.

La pili ni la maji. Lowesha uzi wa rangi, hasa mwekundu, mweusi na wa buluu iliyokoza, uubane ndani ya kitambaa cheupe, uache mpaka ukauke. Ukiacha alama juu ya kitambaa, utachuja pia juu ya mfarishi siku utakapofuliwa.

La tatu ni la umri. Uzi wa pamba uliokaa miaka mingi dukani, na hasa uliopigwa na jua la dirishani, hupoteza nguvu zake. Vuta kipande cha urefu wa shibiri kwa mshtuko mmoja. Uzi mzima hukupinga kwanza ndipo ukatike. Uzi uliokufa huachia bila kukupinga. Tulisema uzi uwe dhaifu kidogo kuliko kitambaa, hatukusema uwe mbovu.

La nne ni la kidole. Pitisha uzi kati ya kidole gumba na cha shahada. Uzi mwema una msokoto uliokaza na hauna manyoya mengi. Wenye manyoya huchanika kila unapopita kwenye kitambaa, na kabla hujamaliza mstari mmoja umekwisha kuwa kama sufi.

Kuhusu unene, nyuzi nyingi za kushonea huandikwa nambari, na nambari hizo huenda kinyume na inavyodhaniwa: kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Uzi wa 30 ni mnene kuliko wa 40, na wa 40 ni mnene kuliko wa 50. Kwa mfarishi wa mkono, wa 30 au 40 unatosha. Upo uzi wa pamba uliotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, ambao umepakwa gundi laini ukang'aa na kukakamaa kidogo ili usijifunge mafundo. Huo ni wa mkono tu. Usiutie kwenye cherehani, kwani gundi yake hubakia ndani ya mashine na kuichafua.

Ukiukosa uzi huo, kama tulivyoukosa sisi, usikate tamaa. Chukua uzi wa kawaida wa pamba tupu, uupitishe mara mbili juu ya kipande cha nta ya nyuki, kisha uvute kati ya vidole mpaka upate joto na nta iingie. Au chukua kishada cha uzi wa kudarizi, ule wenye nyuzi sita zilizolala pamoja. Zichomoe moja moja, kisha uziunganishe mbili. Huo ndio tuliotumia sisi mara ya pili. Ni laini, ni wa pamba, na hupatikana hata kwenye meza za wauza vifungo na zipu sokoni.

Kuchagua sindano

Sindano ya mfarishi ni fupi. Mtu aliyezoea kudarizi huiona kama ya mtoto, lakini ufupi wake ndio unaomwezesha kuinamisha na kuinua ncha upesi katikati ya tabaka tatu nene. Ndefu hupinda, nayo hutoa bandi ndefu. Pakiti zake huandikwa Betweens, na nambari zake za kawaida ni kuanzia 8 hadi 12. Hapa pia, nambari ikizidi, sindano hupungua. Anayeanza na achukue ya 8 au ya 9. Ya 10 na kwenda juu ni kwa mkono uliokwisha kuzoea.

Unapotumia uzi wa kudarizi, tundu la sindano hizo fupi hukataa. Basi tafuta sindano ya kudarizi iliyo fupi na nyembamba, yenye tundu refu. Uzi unaolazimishwa kuingia kwenye tundu dogo huchubuka kila ukivutwa, na lawama huangukia uzi hali kosa ni la sindano.

Kipimo chake ni rahisi. Piga bandi tatu kwenye pembe ya kitambaa kisicho na thamani. Ikikubidi uvute kwa nguvu mpaka kitambaa kikunjamane, sindano ni nyembamba kwa uzi huo. Ukiona tundu limebaki wazi kando ya uzi, sindano ni nene. Ilivyo sawa ni sindano kufungua njia na uzi kuijaza. Shazia yetu ilikuwa imefungua milango mikubwa kwenye leso, na kila mlango ulikuwa mwanzo wa mpasuko.

Kabla ya kununua, omba ruhusa ya muuzaji, uiviringishe sindano juu ya meza iliyo sawa. Iliyopinda hurukaruka. Kisha ifute kwa kitambaa cheupe. Ikiacha alama ya kahawia ina kutu, na kutu haitoki kwenye nguo kwa sabuni ya kawaida. Sisi watu wa bahari na wenzetu wa ziwa tunaishi katika hewa yenye unyevu, kwa hiyo sindano zihifadhiwe pakavu, zimechomekwa katika kitambaa cha sufu ndani ya kopo lenye kifuniko.

Vaa subana kwenye kidole cha kati cha mkono unaosukuma. Msichana anayeanza huikataa kwa kuwa humfanya ajihisi mzito. Mpe siku tatu. Kidole chake kitamfundisha.

Urefu wa uzi, na fundo

Makosa mengi ya uzi kukatika na kujifunga hutokana na tamaa ya kukata uzi mrefu ili mtu asisumbuke kutunga tena. Uzi mrefu hupita kwenye kitambaa mara nyingi zaidi, na mwisho wake huwa umechoka kabla ya kazi kuisha. Kipimo kizuri tunacho mwilini mwetu: dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kiasi cha sentimita 45. Tunga sindano kwa ncha iliyotoka kwanza kwenye kidonge, na fundo lifungwe kwenye ncha uliyoikata. Hivyo uzi hupita kwa kufuata msokoto wake na hausumbui sana. Fundo liwe dogo, livutwe taratibu mpaka lizame kati ya tabaka, lisionekane juu wala chini.

Anayeanza asihangaike kuzifanya bandi ziwe ndogo sana. Bandi tano au sita katika inchi moja, zikiwa sawasawa, ni nzuri kuliko kumi zisizolingana.

Ndugu zetu wa ng'ambo ya bahari

Wako pia Wasidi wa Karnataka, kusini mwa India, ambao wazee wao walitoka Afrika na kuvuka Bahari ya Hindi, wengi wao kwa dhiki ya utumwa. Miongoni mwao wako Waislamu, Wahindu na Wakristo. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa vipande vya nguo zilizokwisha kuvaliwa. Huanza pembezoni, wakazunguka kwa bandi kubwa zinazoonekana, mpaka wanapokutana na katikati. Kwenye pembe hutia vipande vidogo vilivyokunjwa, wanavyoviita maua, na mfarishi usio na maua hayo huhesabiwa kuwa uchi. Nguo zilizochoka hupata kazi mpya na mtoto hulala chini ya nguo za mama yake. Nilipoona picha za kawandi nilifarijika, kwani bandi zao hazijifichi. Nikaona kwamba hata mshono wa marekebisho hauna haja ya kuonewa haya.

Mfarishi wa pili

Tuliufumua ule wa kwanza kwa mkasi mdogo, uzi baada ya uzi, na kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kuushona. Katika leso saba, nne zilitoa vipande vizima. Kile kipande cha jina tulikilaza juu ya marekani, tukakishikiza kwa uzi wa kudarizi wa nyuzi mbili, bandi zikifuata herufi zilizosalia. Pale neno lilipopotea tuliacha wazi. Wifi alitaka tulidarizi upya. Binti yangu akasema tuache, yeye analijua kwa moyo.

Uzi tuliununua mjini Migori, tulipokwenda kutafuta vifaa vya shule. Tuliuchoma hapo hapo mlangoni pa duka, muuzaji akitutazama kwa mshangao, mpaka tukapata ulioacha jivu. Sindano zilikuwa nambari 9.

Binti huyo sasa anasoma bweni upande wa Rongo, katika Kaunti ya Migori, kwenye ardhi ya juu ambako usiku una baridi isiyojulikana Kendu Bay, wala Mombasa. Mfarishi alikwenda nao. Likizo iliyopita aliurudisha, nikaukagua kwenye mwanga kama nilivyoukagua ule wa kwanza. Bandi zilikuwa zimekatika mahali pawili. Leso zilikuwa nzima. Nilimpa sindano na uzi wa dhiraa moja, akazirudishia mwenyewe baada ya swala ya alasiri, na kabla ya magharibi alikuwa amekwisha kuukunja.

La mwisho, mama na dada zangu, nalo msilisahau: hesabuni sindano kabla ya kuanza, mkazihesabu tena mnapomaliza. Mfarishi ni kitu cha mtoto kujiviringishia usingizini. Sindano moja iliyosahauliwa ndani yake haiombi radhi.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.